Namba hii imetoka wapi? Mwanagenzi wa fedha ajibu barua zenu

Ninasoma uhasibu na fedha, mwaka wa tatu. Likizo ndefu iliyopita niliimalizia kwenye mafunzo kwa vitendo katika benki moja: kwanza kitengo cha uendeshaji, kule nyuma ambako mteja hafiki, kisha kitengo cha mikopo ya biashara. Mhariri aliponiomba nijibu barua za wasomaji wanaojiandaa kwenda huko, nilimwambia mimi si mtaalamu. Akasema wataalamu anao wengi, ila wote wamesahau siku ya kwanza ilivyokuwa. Basi nimejibu ninayoyajua. Benki yenyewe sitaitaja, na wateja wake ndiyo kabisa.

SWALI: Dada, kaka yangu alifanya mafunzo kwenye ofisi ya fedha na anasema kazi yake ilikuwa kutoa nakala na kubeba mafaili. Wewe ulikuwa unafanya nini hasa? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

JIBU: Nakala nilitoa, mdogo wangu, na mafaili nilibeba. Ila kazi iliyokula muda wangu mwingi ilikuwa usuluhishi wa hesabu.

Benki huwa na fedha zake ilizoziweka kwenye benki nyingine ili iweze kulipa na kupokea kwa niaba ya wateja. Kila asubuhi zinakuja orodha mbili. Moja inatoka kwenye leja yetu, nayo inaeleza mambo yalivyokwenda kwa kadiri tunavyoamini sisi. Ya pili ni taarifa ya ile benki nyingine, inaeleza wanavyoamini wao. Mfumo unalinganisha miamala na kuiondoa iliyofanana. Inayobaki ndiyo anayopewa mwanagenzi. Utakuta malipo yaliyotoka kwetu jioni yakaandikwa kwao kesho yake, ada waliyokata bila kutuarifu, au mteja aliyelipa ankara tatu kwa mkupuo huku sisi tumeziandika moja moja. Na mara chache, fedha ambayo hakuna anayejua ni ya nani.

Fedha hiyo isiyo na mwenyewe inawekwa kwenye akaunti ya muda mpaka ijulikane. Akaunti ya muda ni kama kapu la nguo chafu: kila mtu anatupia, siku ya kufua hamna mtu. Mkuu wangu wa kitengo, mama mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, aliikagua akaunti hiyo kuliko nyingine zote. Kila kiasi kilichokaa humo alitaka kisa chake: kiliingia lini, kiliwekwa na nani, nani amefuatwa kuhusu kiasi hicho, akajibu nini. Alikuwa na swali moja tu, "Namba hii imetoka wapi?", na alilisema kwa upole kabisa. Wewe unasimama pale unajikuta huna la kusema, kwa sababu "imetoka kwenye mfumo" si jibu. Mfumo nao ulilishwa na mtu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kitu ambacho sikukikuta kwenye kitabu chochote cha darasani, ingawa wahasibu walikijua tangu leja zilipokuwa za karatasi. Orodha mbili zikitofautiana, ichukue tofauti uigawanye kwa 9. Ikigawanyika bila baki, tafuta namba ambayo tarakimu zake mbili zimebadilishana nafasi. Mtu ameandika 5,400 badala ya 4,500: tofauti ni 900. Ameandika 27 badala ya 72: tofauti ni 45. Itagawanyika kwa 9 kila mara, maana tarakimu ikisogea nafasi moja kushoto thamani yake inakuwa mara kumi, na kumi ukitoa moja inabaki tisa. Sifuri iliyoongezwa au kusahaulika nayo inaacha alama hiyo hiyo. Isipogawanyika kwa 9, chukua nusu ya tofauti uitafute kwenye orodha: huenda kuna kiasi kilichoandikwa upande usio wake, debiti badala ya krediti, ndiyo maana pengo limekuwa mara mbili ya kiasi chenyewe.

Huo si ushahidi, ni mahali pa kuanzia kutafuta. Lakini siku nilipoupata kwa njia hiyo muamala uliokuwa umewazungusha watu tangu asubuhi, nilitembea ukumbini kama mganga aliyeagua.

SWALI: Nimeambiwa Excel ndiyo kila kitu. Nina muda mfupi kabla ya kuanza. Nijifunze nini? (Anayejiandaa)

JIBU: Jifunze machache mpaka vidole viyajue vyenyewe. Fomula ya kuvuta thamani kutoka jedwali jingine, iwe VLOOKUP au XLOOKUP. SUMIFS, inayojumlisha kwa masharti unayoyaweka. Majedwali ya pivoti, yanayofupisha orodha ndefu kuwa muhtasari. Alama ya dola inayoifunga seli isihame unaponakili fomula. Ukiyaweza hayo umetosha kwa kuanzia, mengine utayaokota huko huko.

Kinachowashinda wengi ni tabia, na hapo nitakaa kidogo. Jedwali lako litafunguliwa na mtu mwingine wakati wewe haupo, pengine umesharudi chuoni. Je, ataona namba ipi uliiandika kwa mkono na ipi imekokotolewa? Kwenye ofisi nyingi za fedha namba iliyoandikwa kwa mkono hupakwa rangi ya buluu, fomula ikabaki nyeusi. Usifiche namba ndani ya fomula. Ukiandika =B4*1.18, baada ya wiki mbili hata wewe hutakumbuka hiyo 1.18 ilikuwa kodi au makisio ya ukuaji. Ipe seli yake na jina lake.

Halafu mistari iliyofichwa. Mwaka 2008, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers ilipofilisika, benki ya Barclays ya Uingereza ilinunua sehemu ya biashara yake ya Marekani. Mikataba iliyokuwa inanunuliwa iliorodheshwa kwenye jedwali la Excel, na ile isiyotakiwa ilikuwa imefichwa tu, haikufutwa. Usiku wa kuwahi muda wa mahakama, mwanasheria kijana alipewa kazi ya kuligeuza jedwali kuwa PDF. Mistari iliyofichwa ikajitokeza, na mikataba 179 isiyotakiwa ikaingia kwenye orodha ya mauzo. Ilibidi warudi mahakamani kuomba iondolewe. Mimi nikisoma kisa hicho simwoni mwanasheria. Namwona aliyeficha badala ya kufuta, akaenda zake kulala.

Kipo kisa kingine ninachokipenda zaidi kwa sababu shujaa wake ni mwanafunzi. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Ukanukuliwa na wanasiasa kila upande. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia utafiti wowote uliochapishwa, akachagua huo. Hesabu zake zikagoma kufanana na zao. Akawaandikia kuomba jedwali lenyewe, wakampa. Fomula ya wastani ilikuwa imeishia mstari wa 44 badala ya 49, na nchi tano zilikuwa zimebaki nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Hilo halikuwa tatizo pekee. Yeye na walimu wake walipinga pia namna takwimu zilivyochaguliwa na kupewa uzito. Kwa nchi zenye deni lililozidi asilimia 90 ya pato la taifa, wastani wa ukuaji uliokuwa umechapishwa kama hasi asilimia 0.1 ulitoka asilimia 2.2 kwa hesabu yao ya mwaka 2013. Waandishi walikubali kosa la jedwali, ila walitetea hitimisho lao la jumla.

Herndon hakuwa na Excel bora kuliko yako. Aliuliza namba imetoka wapi, akaendelea kuuliza mpaka akaoneshwa.

SWALI: Naogopa nitabonyeza kitu nitie kampuni hasara ya mamilioni. Usiku silali. (Mwoga)

JIBU: Lala. Siku ya kwanza nilipewa ruhusa ya kuona tu. Kitufe cha kutuma malipo hata hakikuwepo kwenye skrini yangu. Uwezo wa kuleta hasara kubwa hupewa wakubwa. Desemba 2005, Tokyo, kampuni ya Mizuho Securities ilitaka kuuza hisa moja ya kampuni ya J-Com kwa yeni 610,000. Agizo likaingizwa kinyume: hisa 610,000 kwa yeni moja kila moja. Mfumo ulitoa onyo, likapuuzwa. Hasara ilikuwa makumi ya mabilioni ya yeni, na hakuna mwanagenzi aliyelaumiwa.

Somo lako humo ni hilo onyo. Ukiona kisanduku kinakuuliza "una uhakika?", kisome mpaka mwisho.

SWALI: Dada, niko kwenye mafunzo sasa hivi. Bosi wangu ni mtu mwema sana, ananifundisha. Wiki iliyopita alipata safari akataka kuniachia nywila yake ili malipo yasikwame, mimi niingize kisha niidhinishe kwa jina lake. Nilimwambia nitafikiria. Anarudi kuniuliza kesho kutwa. Nikikataa nitaonekana sina shukrani. (Niliyebanwa)

JIBU: Ndugu yangu, barua yako niliisoma mara kadhaa kabla ya kuijibu. Kataa.

Nakueleza kwa nini, maana ukijua sababu maneno yatakutoka kirahisi. Malipo yanapita kwa watu wawili, mmoja anaingiza na mwingine anaidhinisha. Hawakuwekwa wawili kwa kuwa mmoja ni mwizi. Wamewekwa wawili ili macho ya pili yaione namba bila kuwa yameizoea. Ukishika nywila zote mbili, wale wawili wamekuwa mmoja, na kwenye kumbukumbu za mfumo inaonekana bado ni wawili. Mkaguzi akija ataona bosi wako aliidhinisha malipo saa ambayo alikuwa angani. Hapo yeye ana maswali ya kujibu, na wewe unayo zaidi, hata kama kila senti imefika ilikotakiwa.

Darasani tulisoma habari za benki ya Barings, nami nilizichukua kama hadithi ya mtihani. Benki hiyo ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1762 na ilianguka Februari 1995. Nick Leeson, aliyekuwa anafanya biashara ya mikataba ya hatima (ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) kwa ajili yao huko Singapore, alikuwa pia msimamizi wa ofisi ya nyuma iliyotakiwa kumkagua. Alikuwa na akaunti ya makosa, namba 88888, akawa anatupia hasara zake humo. Kwa maneno mengine, alijifanyia usuluhishi mwenyewe. Hasara ilifika pauni milioni 827, na benki yenye umri wa zaidi ya karne mbili ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni moja. Niliposoma tena kisa hicho baada ya kukaa kitengo cha uendeshaji, nilielewa kwa nini yule mama alikuwa haondoi macho kwenye akaunti ya muda.

Miaka kumi na mitatu baadaye, Januari 2008, benki ya Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya euro bilioni 4.9 iliyotokana na biashara za Jérôme Kerviel. Kabla ya kukaa kwenye meza ya biashara alikuwa amefanya kazi upande wa udhibiti, kwa hiyo alijua ukaguzi unapita wapi. Kuna jambo la pembeni hapo linalowahusu hata watu wadogo kama sisi: alikuwa mtu wa kuchukua likizo kidogo mno. Ndiyo maana benki nyingi humlazimisha anayeshika fedha kwenda likizo ya siku mfululizo, na mwingine akae kwenye kiti chake. Mambo yanayohitaji uwepo wako kila siku ili yasionekane hujitokeza usipokuwepo. Ukimsikia mtu anajisifu kwamba hajachukua likizo tangu aajiriwe, mpongeze kwa mdomo.

Sasa bosi wako. Naamini ni mwema. Watu wema ndio wanaoachiana nywila, kwa sababu wanaaminiana. Usimhubirie habari za Singapore. Mwambie hivi: "Samahani bosi, malipo nitayaandaa yote mapema ili anayeidhinisha asichelewe hata dakika. Ila nywila naomba nisiishike, naogopa siku ya ukaguzi tutaulizwa wote wawili. Nani anakukaimu tumwombe?" Umejitolea kufanya kazi zaidi, umemkinga yeye pamoja na wewe, na umempa njia ya kutokea. Kukaimisha ndiyo njia halali, na kila benki inayo. Akisisitiza, mwombe akuandikie maelekezo hayo kwa barua pepe. Wengi huishia hapo wenyewe. Asipoishia, nenda kwa aliyekupokea upande wa rasilimali watu, au kitengo cha udhibiti wa ndani, na umjulishe msimamizi wako wa chuo. Shukrani mwoneshe kwa kumaliza kazi zake kwa wakati.

Na kama nywila tayari unaijua, mwombe aibadilishe.

SWALI: Binti yangu yuko mafunzoni kwenye kampuni ya fedha. Anatoka asubuhi, anarudi usiku macho mekundu, akiulizwa anasema ndivyo wanavyoishi watu wa fedha. Ni kweli, au anadanganywa? (Mama wa mwanafunzi)

JIBU: Shikamoo mama. Ni kweli nusu.

Inategemea kitengo. Uendeshaji una saa zake kwa sababu mifumo ya malipo inafungwa. Baada ya hapo hata ukibaki huna cha kutuma. Mwisho wa mwezi tulichelewa, siku nyingine tulitoka mapema. Mikopo ilikuwa vivyo hivyo. Wanaokesha hasa ni wale wa benki za uwekezaji, wanaoandaa mauzo ya kampuni na utoaji wa hisa, kwa sababu mteja mmoja anaweza kubadilisha mawazo saa mbili usiku na kutaka makaratasi mapya asubuhi.

Lakini hata huko walilazimika kuweka mipaka. Mwaka 2013 mwanafunzi aliyekuwa karibu kumaliza mafunzo kwenye benki kubwa jijini London alifariki. Uchunguzi wa mahakama ulikuta ni kifafa, na ulisema uchovu ungeweza kuchangia ingawa haikuthibitika kwamba ulichangia. Habari hiyo iliitikisa sekta nzima. Mwaka 2015 benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs iliwaambia wanagenzi wake wa kiangazi watoke ofisini kabla ya saa sita usiku na wasirudi kabla ya saa moja asubuhi. Utaona mwenyewe mama, hiyo bado ni siku ya saa kumi na saba, na ilitangazwa kama nafuu.

Kwa hiyo muulize binti swali moja: akichelewa, anakuwa anafanya kazi au anasubiri bosi aondoke? Nimeona wenzangu wakikaa wakitazama skrini tupu kwa sababu tu mkubwa hajanyanyuka. Hakuna aliyewaambia wakae. Nilimuuliza mkuu wangu kama kuna linalonisubiri, akasema hapana, nikaaga. Hakuna kilichonipata. Kama ni kazi kweli, na ni kila siku, hapo msimamizi wake wa chuo anapaswa kujua. Anayelinganisha namba huku amechoka hulinganisha vibaya, na kosa lake litaandikwa jina lake, si la aliyemkesheza.

SWALI: Ukiacha Excel, je, tunayosoma darasani yana kazi yoyote kule? (Nimechoka kukariri)

JIBU: Yana, ila yanakuja yamevaa nguo tofauti. Kitengo cha mikopo kilinigeuza mawazo, nami nakipa sehemu kubwa ya sifa kuliko uendeshaji.

Darasani ukipewa taarifa za fedha unakimbilia faida. Afisa mikopo niliyekaa naye alikuwa anaupita ukurasa wa faida bila kusimama. Alianzia kwenye mtiririko wa fedha, kisha wadaiwa, yaani fedha ambazo wateja bado hawajalipa, kisha bidhaa zilizoko ghalani, halafu ndipo anarudi kwenye faida kuona kama inaongea lugha moja na hayo mengine. Chukua mfano huu, namba zake nimezitunga. Kampuni ilikuwa na mauzo ya 730 na wadaiwa 60. Gawanya 60 kwa 730, zidisha kwa 365: wateja wake wanalipa baada ya siku 30 hivi. Mwaka uliofuata mauzo ni 1,095, yamepanda kwa nusu nzima, na mwenye kampuni amekuja na tabasamu. Wadaiwa ni 225. Fanya hesabu ile ile: siku 75. Mauzo yamekua kwa sababu anawakopesha watu ambao hawalipi, au hawalipi haraka. Faida ipo kwenye karatasi, mishahara inataka fedha taslimu. Na mkopo anaouomba si wa kupanua biashara kama alivyoandika kwenye barua. Ni wa kuziba pengo ambalo wateja wake wamelichimba.

Fomula hiyo nilikuwa nimeikariri na nikaipata kwenye mtihani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mwisho wake kuna mtu anayesubiri jibu kwenye kiti cha nje. Afisa yule hakumnyima mkopo moja kwa moja. Alimwomba orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni, nani anadaiwa tangu lini. Orodha ilipokuja, sehemu kubwa ilikuwa mteja mmoja. Mazungumzo yakabadilika kabisa kuanzia hapo.

Kwa hiyo kariri, ila kila fomula uiulize inamtafuta nani.

SWALI: Wanaongea vifupisho tupu. Niulize au nijifanye nimeelewa? (Mgeni)

JIBU: Uliza, lakini njoo na kisio lako mkononi. "Nadhani hapa unamaanisha hivi, ni sahihi?" linakupa heshima, "hii ni nini?" mara ya tano linachosha. Nilikuwa na daftari dogo, neno likinipita naliandika, mchana natafuta, lisilopatikana ndilo ninaloliuliza.

Moja nakupa bure. Riba ikitoka asilimia 5 kwenda 5.25, usiseme imepanda kwa asilimia 0.25. Imepanda kwa pointi 25 za msingi, kwa sababu pointi moja ya msingi ni sehemu ya mia ya asilimia moja. Ukitumia asilimia mtu ataweza kuelewa kwamba ile 5 yenyewe imeongezeka kwa robo ya asilimia, ambayo ni 5.0125. Kwenye mkopo mkubwa wa miaka mingi, tofauti ya hizo mbili ni ugomvi.

SWALI: Ulilipwa? (Mwulizaji mfupi)

JIBU: Posho, nilipewa. Iulizie kabla hujaanza, na jibu liwe kwenye barua ya kukubaliwa. Wanaoona haya kuuliza habari za fedha kwenye ofisi ya fedha sijawaelewa hadi leo.

SWALI: Nimemaliza mafunzo, hawakunipa kazi wala ahadi. Sasa nina ripoti ya chuo ya kuandika na sijui niweke nini, maana kila nilichofanya ni siri ya wateja. (Aliyeachwa njia panda)

JIBU: Mimi pia sikupewa ahadi, pole yetu. Nafasi za ajira hupangwa kwa bajeti ambayo pengine ilifungwa kabla hujafika, kwa hiyo usiisome kama alama ya mtihani. Ulichotoka nacho ni watu watatu au wanne wanaojua kwamba ukisema umelinganisha, umelinganisha. Waandikie kushukuru, kila mmoja kwa jambo mahususi alilokufundisha, na waombe ruhusa ya kuwataja kama wadhamini utakapoomba kazi.

Ripoti sasa. Eleza mchakato, acha majina. Mtiririko wa usuluhishi unaweza kuuchora wote bila kutaja mteja hata mmoja: orodha zinatoka wapi, nani analinganisha, nani anakagua, kisichofanana kinapelekwa wapi, na baada ya siku ngapi kinapanda kwa mkubwa zaidi. Ukitaka namba, tunga zako na useme wazi kwamba umezitunga, kama nilivyofanya na ile kampuni ya siku 75. Usipige picha ya skrini. Usijitumie faili kwenye barua pepe yako binafsi, hata lile jedwali ulilolitengeneza mwenyewe kwa jasho lako. Ni mali yao, na mifumo yao inaona. Kabla ya kukabidhi chuoni, mpelekee msimamizi wa ofisini asome, ili kama kuna kilichopitiliza akitoe yeye.

Kitabu cha kumbukumbu za kila siku nacho kinataka sahihi yake na muhuri. Mfuate mapema, mwisho wa mwezi hutampata.